Mtu wa Bluu Amevuka, Binti Yangu Ameondoka

Bibi mpendwa, naomba unishike mkono, na ukiona nastahili kugombezwa basi nigombeze, maana nyumbani kwangu hakuna aliyebaki wa kunigombeza.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, nina kijiduka cha kutoa fotokopi na kuchonga mihuri, karibu na ofisi ambazo huhudumiwi mpaka uwe na kopi tatu za kila kitu, kwa hiyo kutwa nimesimama kwenye mashine, nafunua, nafunika, nafunua, nafunika. Mume wangu alikuwa fundi wa redio na televisheni, hata nyumbani tulimwita Fundi. Tulijuana nilipompelekea pasi iliyoungua, akaniambia, "Dada, subiri kidogo tu," akanipa pedi ya gemu, kile kishikio chenye vitufe, niishike ili nisichoke, kwa sababu pale kibandani kulikuwa na mashine ya gemu ambayo mteja aliileta na hakurudi kuichukua, na Bibi, ile pasi mpaka leo haijapona, ila mimi ndiyo sikuondoka tena.

Mashine ile nayo ikafa, Fundi akahangaika nayo wee akashindwa, ndipo akaja na kitu kinaitwa emuleta, ni programu unaiweka kwenye kompyuta, basi kompyuta inajifanya ndiyo ile mashine ya zamani, gemu zilezile, muziki uleule wa kulia kama mbu, na pedi zetu kuukuu akazikata nyaya akaziunga upya. Tangu hapo, kila Jumamosi nikifunga duka saa nane mchana, tunakula, tunaondoa vyombo, tunakaa chini kwenye zulia na kucheza mpaka jua liondoke dirishani. Wengine walitucheka, wifi yangu akija alikuwa anasema, "Watu wazima wenye mtoto mnagombania vikaragosi," lakini hakuondoka mpaka aone mwisho. Binti yetu ni mmoja, na pedi zilikuwa mbili tu, kwa hiyo yeye alikaa kwenye kochi nyuma yetu akitoa amri, "Baba ruka! Mama unazubaa nini?" mpaka baba yake akampa jina la Meneja.

Gemu tuliyoipenda kuliko zote ni ya wachimba madini wawili waliofukiwa mgodini wanatafuta njia ya kutoka. Mimi ni yule wa njano, Fundi ni wa bluu, na hakuna anayetoka peke yake, skrini haisogei mpaka wote wawili wafike. Ukiacha kumshika mtu wako, anasimama tu na kujifuta jasho kwa mkono, hivi, halafu anashusha pumzi, na Fundi alikuwa akiona hivyo anasema, "Mwone mwenzangu, na yeye kachoka."

Kisha figo zake zikashindwa. Jumanne na Ijumaa alikuwa anakwenda kusafishwa damu, Jumamosi ndiyo siku pekee aliyokuwa na nguvu kidogo, lakini vidole vilianza kufa ganzi, na sisi tulikuwa tumefika kwenye daraja la mbao, ambalo kila ubao ukiukanyaga unaanguka, lazima uruke kabla haujaondoka. Jumamosi ya mwisho alianguka mara kumi na moja. Meneja hakutoa amri hata moja siku hiyo. Fundi akaweka pedi chini, akajikanda vidole, akacheka, akaniambia, "Mama Meneja, gandisha hapo. Jumamosi nitavuka." Maana hiyo ndiyo raha ya emuleta, unaweza kuigandisha gemu popote ulipo, ukirudi hata baada ya mwaka unaikuta vilevile, ila ukigandisha nyingine juu yake, ya kwanza inafutika. Nikagandisha. Jumatano akafariki.

Sasa Bibi nisikilize bila kunicheka. Miezi kumi na minne, kila Jumamosi, nilikuwa nafungua pale tulipogandisha. Sichezi. Nafungua tu, wa bluu anasimama ukingoni mwa daraja, anajifuta jasho, anashusha pumzi, anajifuta tena, na mimi nahesabu mpaka tisa, kwa sababu kwenye kumi anatokea popo anamgonga na kumwangusha shimoni, basi kwenye tisa nafunga na kurudisha mwanzo. Namwona tena. Tisa. Namwona tena. Naweza kukaa hivyo saa tatu. Binti yangu aliwahi kuniuliza, "Mama, nikae nawe?" nikamwambia kaendelee na masomo yako. Akauliza tena siku nyingine, nikamwambia pedi ya baba yako haiguswi.

Jumamosi moja mwezi uliopita nimerudi nyumbani kutoka dukani, nafungua mlango namkuta amekaa kwenye zulia, fulana imelowa jasho, pedi moja mapajani na nyingine mkononi, ana miaka kumi na mitano lakini aligeuka na uso wa mtoto wa miaka sita, akasema, "Mama, njoo uone! Nimemvusha baba!" Nikatazama skrini, nikamwona wa bluu yuko ng'ambo ya daraja anajifuta jasho, macho yangu hayakuona kingine, nikauliza, "Umegandisha juu ya ile ya baba yako?" akasema, "Ndiyo, ili asirudi tena kule," na mimi nikampiga kofi, Bibi, mtoto ambaye sijawahi kumpiga tangu aanze kutembea, na nikamwambia, "Umemuua baba yako mara ya pili."

Hakulia. Aliukunja waya wa pedi vizuri kama baba yake alivyomfundisha, akachukua begi la shule, akaenda kwa shangazi yake. Wiki tatu sasa. Wifi anasema, "Mtoto hajakukataa, lakini ukitajwa anakwenda kuoga." Wifi ni muuguzi, amehamishiwa mji mwingine, mwisho wa mwezi anaondoka, na binti ameomba aende naye. Jana fomu ya kuhama shule ililetwa dukani kwangu niweke sahihi, na mimi kwa mazoea nikaiweka kwenye kioo cha mashine nitoe kopi, nikaona jina lake linapita kwenye ule mwanga, nikashindwa kufunika.

Sijaifungua kompyuta tangu siku ile. Naomba unisaidie, kwanza, je, yupo fundi anayeweza kuirudisha ile ya zamani iliyofutwa? Na pili, hiyo fomu niisaini au nisiisaini?

Mimi,
Mama Meneja

*

Mama Meneja, mwanangu,

Mimi darasa nililiona kupitia dirishani nikipita na ndoo. Barua zenu za gazetini nasomewa na binti anayenichapia majibu, naye yako aliisoma mpaka kwenye kofi, akasimama akaenda kunywa maji. Aliporudi nikamwuliza emuleta ni mdudu gani, akanieleza taratibu. Kumbe ni kitu kinachojifanya kitu kilichokwisha kufa. Basi nimeelewa. Nyumba nyingi zinacho, hata zisizo na kompyuta.

Pole kwa Fundi. Pole sana, na siisemi kwa kupita. Mwanamume anayekupa pedi ili usichoke kusubiri pasi, kisha asiitengeneze pasi miaka yote hiyo, huyo alikuwa mtu, na kumkosa kunauma mpaka kwenye meno. Wala sikucheki kwa zile tisa zako. Ningekuwa na macho ya kuona kioo hicho, ningekuja nikahesabu nawe Jumamosi moja.

Moja, nimesema. Si miezi kumi na minne na mtoto yuko mlangoni.

Hebu tazama ulivyouliza. Swali lako la kwanza ni la picha. La pili ni la mtoto. Na la mtoto lenyewe ukaliuliza kama karani, nisaini nisisaini! Mwanamke wee, ulimzaa au ulimchonga kama mhuri? Fundi wa kuirudisha simjui, na ningemjua nisingekupa anwani yake.

Halafu niambie jambo moja. Kutwa unatoa kopi za vyeti vya watu usiowajua, tatu tatu. Ile gemu ya mumeo uliyoigandisha hukuitolea hata moja. Binti anayenichapia anasema ingekuchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Miezi kumi na minne! Usinijibu kwamba hukujua. Ulijua. Uliogopa, kwa sababu kitu tunachokitolea kopi ni kile tunachokubali kwamba kinaweza kupotea. Hapo sikugombezi. Hapo nakukalia karibu.

Lakini kuhusu mtoto nakugombeza, tena kaa vizuri. Yeye hakufiwa na jirani. Alifiwa na baba. Alikaa kwenye hilo kochi akaona vidole vya baba yake vinakataa, mara kumi na moja, akameza amri zake zote. Akamsikia akisema Jumamosi nitavuka. Na tangu siku hiyo kila Jumamosi anakuona wewe unamrudisha palepale ukingoni, asubiri popo, umrudishe, asubiri popo, umrudishe. Wewe ulikuwa unamwona mumeo akipumua. Mtoto alikuwa anamwona baba yake akikaribia kuanguka. Umewahi kulifikiria hilo? Ameomba kukaa nawe mara mbili, ukamfukuza mara mbili. Akafanya alichoweza.

Na alichofanya, nimemwuliza huyu binti anayenichapia, kinawezekana vipi, pedi mbili na mikono miwili? Akasema ni kazi ngumu mno, lazima awe alijifunza siku nyingi wewe ukiwa dukani. Amsogeze mmoja, aweke pedi, ashike nyingine, amsogeze wa pili, na mbao zinaanguka. Sasa nikurudishe kwenye maneno yako mwenyewe. Umeandika hakuna anayetoka peke yake, skrini haisogei mpaka wote wawili wafike. Basi yule wa njano alikuwa wapi, Mama Meneja? Wa bluu ulimwona ng'ambo. Wa njano je?

Na wewe alikuvusha. Akageuka kukuonyesha, ukampa kofi.

Binti hapa ameacha kuchapa, ananitazama. Andika, binti, andika tu.

Mimi mume wangu alipoondoka duniani aliacha koti. Nililitundika nyuma ya mlango, halishikwi. Mwanangu wa kwanza alikuwa anaamka kwenda kazini kwenye baridi, siku moja akalivaa. Nilimvua mlangoni, mbele ya wenzake, nikamwambia neno ambalo silisemi hapa. Koti likaliwa na nondo, likaisha. Mwanangu leo ana mvi, ana wajukuu, ananipenda, kila mwezi anakuja. Na mpaka leo akitaka kunywa maji kwenye mtungi wangu anauliza kwanza, "Mama, naruhusiwa?" Kila mara. Nami kila mara namchotea mwenyewe. Sikumwomba radhi wakati ule kwa sababu nilidhani atasahau. Hawasahau, mwanangu. Wanakuwa na adabu tu.

Sasa fanya hivi. Usimtume wifi, usipige simu. Neno lile ulilitoa kwa mdomo wako, na ulirudishe kwa mdomo wako, ukiwa umesimama mbele yake. Nenda leo hii gazeti likiwa mkononi. Akiingia kuoga, kaa nje ya mlango wa bafu mpaka maji yaishe. Mwambie, "Hukumuua baba yako. Nilikudanganya kwa uchungu." Ishia hapo. Usimlilie kwa kirefu akaanza kukubembeleza wewe, amekubembeleza vya kutosha. Kisha mwombe kitu kimoja: Jumamosi aje akuonyeshe alivyovuka.

Akikataa, nenda kesho. Akikataa kesho, nenda keshokutwa. Mpaka mwisho wa mwezi una siku, zitumie.

Akija, yeye ashike pedi ya baba yake. Wewe ni wa njano kama siku zote. Mbele ya hilo daraja mimi sijui kuna nini, na wewe hujui, Fundi hakufika huko. Anayejua kidogo ni Meneja. Akikuambia ruka, ruka. Akikuambia unazubaa nini, usinune.

Fomu nenda nayo bila sahihi, umwekee mezani, umwambie uamuzi ni wake na wewe unataka abaki. Lote hilo, kwa sauti. Siwezi kukuahidi kwamba atabaki. Huenda ameshaondoka moyoni, na mwili unasubiri gari la shangazi. Akisema anakwenda, utasaini, na kila likizo utamfuata. Ukimzuia kwa nguvu utakuwa umemgandisha na yeye, na hutamwona akijifuta jasho hata mara moja.

Na kabla hamjagusa kitu, kabla hamjakaa kwenye hilo zulia, ile aliyoigandisha mtoto itolee kopi kwenye zile flashi anazonieleza binti. Mbili. Moja ibaki kwako, moja aiweke kwenye begi lake la shule, popote atakapokwenda awe na baba yake ng'ambo ya daraja, na mama yake pembeni.

Jumamosi hii funga duka saa sita. Wenye vyeti watarudi Jumatatu.