Beseni la Bluu

Kwako dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba nimenunua beseni. Ni la plastiki, la bluu, halina tundu. Naomba uipokee habari hii ukiwa umekaa.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Shemeji na magoti yake wanaendeleaje? Mama je, bado anakohoa na kusingizia vumbi? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayaona huko chini.

Kazi yangu hapa maabara unaijua. Mti hunywa kwa mirija myembamba kuliko unywele, na jua likizidi, hewa huingia ikaiziba. Tunakata kijitawi, tunapitisha maji, tunapima yaliyotoka. Kisha tunayasukuma kwa nguvu mpaka hewa itoke, tunapima tena. Tofauti ndiyo hewa. Mkataji ni mimi. Nilijifunza kwa kutazama, kama ninavyojifunza kila kitu, yaani nusu.

Basi Mama alipolalamika kuwa michungwa ya marehemu Baba inanyauka, nilijitolea, kifua mbele. Nilikata matawi, nikayaleta. Ikaonekana hewa imeziba mirija sabini na nane kwa mia. Bosi akamwandikia Mama kwamba miti hiyo haiponi, aikate. Jana dereva wa basi kaniletea jibu lake: kama aliyepima ni mwanawe, yeye hana neno. Mtu wa msumeno anakuja Alhamisi asubuhi.

Sasa sikiliza. Siku tisa zilizopita alitutembelea mpimaji mmoja wa miti kutoka maabara nyingine, mama mpole hadi anakera. Aliniona nakata tawi nimesimama uani, akauliza beseni langu liko wapi. Nikamjibu liko chini ya meza, nimelowekea soksi. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwamba maji ndani ya tawi yamevutika kama mpira. Ukilikata hewani yanaruka nyuma na kufyonza hewa. Tawi huinamishwa ndani ya beseni, likakatwa chini ya maji. Tukaujaribu mti wa getini. Kwa mkato wangu, sabini na tano. Kwa wake, tisa.

Dada, hewa ile niliitia mimi. Michungwa ya Baba ina kiu tu.

Na nilinyamaza. Siku tisa namwamkia bosi na kupita, kwa kuogopa kuchekwa. Beseni nimenunua, mdomo sikufungua. Simu ya Mama bado iko kisimani ilimotumbukia, yako haipatikani tangu Jumapili, nimepiga mpaka kidole kimekufa ganzi. Nakuomba, ruka ua uingie kwa Mama, mzuie mtu wa msumeno. Mwambie Mama mwanawe ni mjinga, atakuamini. Ikibidi kumbatia shina, upige kelele. Waimwagie maji tu, ndoo mbili kila mti.

Nisalimie wote, hasa Mama, ila usimsalimie kabla hujamzuia.

Ni mimi mdogo wako, mnayeniita Profesa.

N.B. Nimefika stendi na barua hii. Leo ni Jumatano. Basi linalofuata ni la Ijumaa.