Kuagwa Kabla ya Barua

Ijumaa, 6 Juni
Nimefungua sanduku la posta la usharika wetu wa Kihesa, Iringa, kama kila asubuhi. Barua yangu haipo. Nimegawa barua za wengine, kisha nikamkabidhi ufunguo Zakaria, karani mpya. Nilimweleza utaratibu: barua isilale ofisini; ya mtu aliyehama irudishwe kwa mtumaji siku hiyohiyo. Aliandika yote. Msikivu sana.
Wiki mbili sasa tangu Mkuu wa shule ya wasichana kule Soweto, Mbeya, aliponiambia kwa kinywa chake: "Mzee Kikoti, maktaba ni yako, na chumba cha kulala kipo. Barua itakufuata." Kudai maandishi palepale kungekuwa kumshuku mama muungwana. Sikudai. Nimeacha ukarani, pamoja na nyumba ya usharika.

Jumapili, 8 Juni
Nimeagwa. Kwaya iliimba. Akina mama wa Kihesa walinifunika blanketi zito mbele ya madhabahu, ili baridi ya Mbeya isinichezee. Mchungaji aliiombea kazi yangu mpya. Nilikusudia kusema kwamba barua bado. Nikasema asanteni. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 9 Juni
Niliwasihi wasinisindikize stendi. Wakatii. Basi la Mbeya likaondoka bila mimi. Nimepanda gari la Ilula, upande mwingine kabisa, hadi kwa Tumaini, binti wa marehemu dada yangu. Anauza nyanya kando ya barabara kuu. Nimemwambia ni siku mbili tatu.

Alhamisi, 12 Juni
Nachambua nyanya. Basi lolote litokalo Iringa likisimama, najificha nyuma ya matenga. Mzee wa kanisa, miaka sabini na moja. Aibu.

Jumanne, 17 Juni
Nimethubutu kupiga simu shuleni. Katibu muhtasi amesema barua ilikwisha kutumwa kwa sanduku nililoandika, niisubiri. Akauliza kama aitume kwa WhatsApp. Simu yangu haina mambo hayo. Nimeomba radhi kwa usumbufu, nikashukuru mara tatu.
Sanduku nililoandika ni la usharika. Ufunguo anao Zakaria. Nitamuulizaje? Kwake yeye mimi niko Mbeya.

Ijumaa, 20 Juni
Hakuna.

Jumanne, 24 Juni
Shule inafunguliwa tarehe nane mwezi ujao. Watoto wa Tumaini wanalala mkekani kwa sababu yangu. Leo ameniuliza, "Mjomba, hao wa Mbeya wamekufa wote?" Akacheka. Mimi nimeshindwa.
Labda Mkuu alinifikiria upya nilipoondoka, akakumbuka mvi zangu. Sina nyumba. Sina kazi. Sina hata pa kurudi, kwa kuwa nimekwisha kuagwa. Sala yangu imegeuka kuwa madai. Nimemkasirikia hata marehemu Estelia, kwa kutangulia na kuniacha niamue peke yangu. Naomba radhi, mke wangu. Lakini nimekasirika.

Jumamosi, 28 Juni
Nimekamatwa. Basi dogo lilisimama. Nilikuwa nimeinama nikipanga nyanya, sikuwahi matenga. Ilikuwa kwaya yetu, safarini kwenda Morogoro. Mama Fute, kiongozi wa sauti ya kwanza, akanisalimu Kihehe kwa sauti kutoka dirishani:
"Kamwene, Mzee Kikoti! Mbeya imehamia Ilula siku hizi?"
Basi zima likacheka. Nikavua kofia. Nikakiri yote palepale, nyanya mkononi: kwamba niliagwa bila barua, na kwamba hadi leo sijaiona.
Hakucheka tena. "Mbona ilikuja, Mzee! Wiki ile ile uliyoondoka. Zakaria akasema mwenyewe yuko hukohuko ilikotoka, akairudisha siku hiyohiyo."
Siku hiyohiyo. Kama nilivyomfundisha.

Jumatatu, 30 Juni
Nimepiga simu saa mbili kamili. Nimeomba kuongea na Mkuu mwenyewe. Tumaini alinishikia kiti.
"Bahasha yako iko mezani kwangu, Mzee. Nilidhani umetukataa kwa adabu zako. Leo mchana nilikuwa nimpigie mwingine."
Nimemsihi asimpigie. Sikuomba radhi kwanza. Nadhani ni mara ya kwanza maishani.

Ijumaa, 4 Julai
Soweto. Ukungu tangu asubuhi. Nimetia sahihi barua mbele ya Mkuu, nikaomba nibaki na bahasha. Juu yake Zakaria ameandika, "Amehamia Mbeya. Irudi kwa mtumaji." Mwandiko safi, mstari umenyooka. Sina la kumkosoa.
Mchana nimewaandikia usharika kuwaeleza nilikokuwa wiki hizi tatu, na kuwaomba radhi kwa blanketi nililolipokea kabla ya wakati wake. Juu kulia nikaandika anwani yangu mpya.
Maktaba ina rafu nne na vumbi jingi. Nimeanza na rafu ya dirishani.