Asante, Tumepokea

Dada yangu,

Watoto wazima, bomba la jikoni limeziba tena. Ya mama nitakueleza.

Nimekabidhiwa kazi aliyoiacha shemeji kliniki ya macho, ile tovuti ya kuombea miadi. Dada, kinyaa! Msimbo wa kompyuta wa kukagua namba ya simu ameunakili kwenye kila ukurasa, na kila nakala ina sheria yake. Amezitupatupa kama anavyotupa soksi zake, wewe mkewe unamjua. Nimezoa zote nikaweka ukaguzi mmoja, mahali pamoja. Nilipomaliza nilitamani kunawa mikono.

Unajua mama anavyoandika namba yake, tarakimu tatu tatu, akiacha nafasi ili aweze kuisoma. Ukurasa wa kuombea miadi uliikubali, ukamwandikia, "Asante, tumepokea." Ukurasa wa wahudumu wanaopigia wagonjwa uliikataa, ukaitupa kimyakimya. Mama akasubiri simu. Kila nilipomwambia twende tukaulize, alinijibu, "Wameshapokea, mwanangu. Hiyo ni kazi ya mkwe wangu, tusiwasumbue watu."

Nilimpigia shemeji. Akacheka. "Sasa mtu akiandika ovyo, mimi nifanyeje?" Nilimkatia simu.

Jicho la kushoto limekwenda, dada. Daktari anasema tungewahi, lingepona.

Mama sijamwambia kilichotokea. Anamsalimu sana mkwewe. Anasema hajawahi kuona mashine yenye adabu kama ile yake.

Mdogo wako