Mlango wa Picha Aliokataa Mama

Marangu,
Moshi.
12 Juni, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Hilda,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko Sumbawanga? Shemeji Thadeus je? Na huyo aliye tumboni, anacheza? Sisi tu wazima, na migomba imeshiba mvua. Nimeona niandike, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Hilda, Jumapili nusura tumpoteze wifi yetu Goodness.

Mimba ilipokuwa changa, Mama alimsindikiza kliniki. Nesi akawaambia wakapige picha. Pale koridoni kuna milango miwili, na yote tunaiita ya picha. Mama akasoma kibao cha mlango wa kwanza: hatari, mionzi, mjamzito usiingie. Akamshika Goodness mkono, wakarudi nyumbani. Kumbe ule ulikuwa wa eksirei! Wa ultrasaundi ulikuwa unaofuata. Tangu hapo picha ikawa mwiko nyumba nzima, na najua hata wewe alikupigia akakukataza.

Basi Jumapili tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, Goodness akainuka. Kigoda kilikuwa kimejaa damu. Mungu wangu! Na wala hakuwa na maumivu. Kaka Godwin alimbeba hadi kwenye gari la jirani, tukashuka hadi hospitali, Moshi.

Daktari alipotaka kumpima kwa ultrasaundi, Mama akamzuia: "Usimchome mjukuu wangu na mionzi, baba!" Daktari akamweleza taratibu kwamba kipimo kile hakina mionzi, kinatumia mawimbi ya sauti, na mtaalamu akikifanya kwa sababu ya matibabu hakijaonekana kumdhuru mtoto. Akapima. Kondo la nyuma lilikuwa chini, limeziba njia ya mtoto. Lingeonekana mapema tungejipanga. Mama alikaa sakafuni pale pale.

Walimpasua Goodness haraka. Mtoto ni wa kike, mzima. Goodness aliongezewa damu, sasa anakunywa mtori. Namshukuru Mungu, lakini kila nikikumbuka kile kigoda nashtuka upya.

Hilda, nenda ukapime. Usiniambie Thadeus ana safari.

Godwin anakusalimu sana, na Goodness pia. Mungu awafunike wewe na mwanao. Mama yuko hapa pembeni, ananisimamia niandike: "Mwambie aingie mlango wa pili." Sijui huko kwenu ni mlango wa ngapi. Uliza, mdogo wangu, uingie.

Dada yako akupendaye,
Aikaeli