Kimio cha Baba Hakikukatwa

Jumanne, 14 Januari 2025
Baba karudi kwenye mizinga ya nyuki akiumwa koo. Shangazi Adelina kamkorogea asali na ndimu — kijiko kimoja kimemshinda. Mate anatemea kwenye kopo. Sauti nzito, kama ana kiazi mdomoni. Shangazi anasema kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka, kikatwe. Kamwita Mzee Mayala, anayekata vimio vya Sikonge nzima.

Jumatano, 15 Januari
Nimesema. Mbele ya watu wazima.

Mzee Mayala alifika asubuhi na kisu chake kilichopinda. Nikamwamkia, nikarudi mlangoni kama kawaida yangu. Akamwambia Baba alale chali. Baba alijaribu, akainuka ghafla — mikono magotini, kidevu mbele. Akivuta pumzi, koo linalia kama filimbi.

Shangazi akaniambia nimshike mabega alale. Sikumshika. Nikasema, "Hapana. Pumzi inaziba. Twende Tabora."

"Wewe Nyamizi, hata salamu unaitikia kwa kunong'ona. Leo umekuwa daktari?" Shangazi akafoka.

Nikasimama kati ya Baba na kisu. Baba akanishika mkono, akaonyesha barabara. Basi, yakaisha. Jirani yetu Adinani alikuwa anapakia asali kwenye gari, akashusha madumu, tukapanda na Shangazi. Baba kakaa wima hadi mjini.

Alhamisi, 16 Januari
Wamempitishia mrija kooni. Anapumua.

Daktari anasema kile kifuniko nyuma ya ulimi, kinachofunika njia ya hewa tukimeza, kimevimba kwa bakteria. Watu wazima nao hupata. Anachomwa sindano za antibayotiki. Daktari akauliza nani alizuia kisu, maana kingegusa tu, njia ingeweza kuziba kabisa. Shangazi akanisukuma mbele. "Huyu. Huyu hapa."

Nimeshinda! Naandika tena: nimeshinda.

Jumapili, 19 Januari
Mrija ulitolewa jana. Leo Baba kanywa uji, kalalamika hauna sukari. Nimecheka mpaka nesi kageuka.

Mzee Mayala kaja kumwona. Nilidhani atanigombeza. Kakaa kwenye benchi, kofia mapajani. Kisha kasema ana mtu hapa mjini, mtaa wa Isevya, baba wa makamo, anadondokwa mate tangu jana. Alimwahidi kumkata mchana huu.

"Twende ukamwone, mwanangu. Nikiwaambia mimi wampeleke hospitali, watasema nimezeeka."

Mzee kawapigia simu mara mbili, haipokelewi. Baba kanipungia mkono: nenda. Naandika nimesimama. Bodaboda imefika nje. Mzee anasubiri nipande kwanza.