Saa Mbili Zilizopotea Angani

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo wazazi wa pande zote mbili wanakuja kusikiliza kesi niliyoifungua mwenyewe. Mume wangu ni fundi wa lifti, na mwezi uliopita alitumwa nchi nyingine kwa ndege, akaondoka alfajiri, na haukupita muda mtoto wetu akashikwa na degedege, nikamkimbiza hospitali peke yangu, nikampigia baba yake tangu saa moja na nusu, simu haipatikani, mpaka saa nne na dakika arobaini na tano ndipo akapiga yeye, mtoto ameshatulia, mimi machozi yameshanikauka. Akasema walikuwa hewani kwa muda wa saa tatu na nusu. Aliporudi nikaikuta tiketi katika shati nililotaka kufua: kuondoka saa moja na dakika kumi asubuhi, kufika saa mbili na dakika arobaini, umbali kilometa elfu mbili na mia sita; kurudi, kuondoka saa kumi jioni, kufika saa tatu na nusu usiku. Mshauri, mimi ni mwalimu wa hesabu, kutoa saa ndiyo kazi yangu, na kwenda ni saa moja na nusu tu. Hizo saa mbili nyingine alikuwa kwa nani? Nikamuuliza mezani, mama mkwe na shemeji wakisikia. Akasema, "Mke wangu, kule saa zao ziko nyuma." Nikamjibu, "Saa ndizo ziko nyuma, au kuna mtu uliyemweka nyuma?" Shemeji akacheka. Mume wangu akaweka kijiko chini, na tangu siku hiyo analala sebuleni, haongei ila na mtoto. Je, nishikilie neno langu, au ndoa itanivunjikia mikononi?
Mwalimu

Marahaba, binti yangu. Pole kwa asubuhi ile. Kuuguza mtoto peke yako si jambo dogo. Pole yangu inaishia hapo.

Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa saa za mji unaouacha, na saa ya kufika kwa saa za mji unaoufikia. Umetoa saa za mji mmoja katika saa za mji mwingine. Mwanafunzi wako akitoa kilo katika mita, utampa alama? Ndege ya abiria huenda kilometa kama mia nane kwa saa. Ya mumeo umeilazimisha kwenda zaidi ya elfu moja na mia saba. Na safari ya kurudi, kwa hesabu yako, ni saa tano na nusu. Mbona hiyo hukuihoji? Saa mbili zilizopungua kwenda ndizo zilizoongezeka kurudi. Jumlisha safari zote mbili, ugawe kwa mbili: saa tatu na nusu, kama alivyokwambia.

Basi alitua saa nne na dakika arobaini kwa saa za nyumbani, na dakika tano baadaye akakupigia. Huyo ndiye uliyemwita mwongo.

Usiingoje Jumamosi. Ulimtuhumu mbele ya mama yake na ndugu yake. Kamwombe radhi mbele yao. Sema "nilikosea", usiseme "kama nilikosea". Kisha wapigie wazazi wewe mwenyewe, uwaambie wasije, na sababu uitaje bila kuipamba. Asiporudi chumbani siku hiyo, mvumilie, wala usimhesabie siku.