Kazi Tulizochagua Ndani ya Eda

Wifi yangu Mejumaa,

Najua salamu za dunia hazikufai tena huko uliko, lakini mkono wangu haujui kuanza barua bila kusalimu. Sisi hatujambo. Ukuta wa nyuma ulioanguka kwa mvua tumeujenga. Binti yako Rukia anafundisha chekechea kule Mishomoroni, na kila akija kunitazama ananiletea ndimu, kana kwamba huku Likoni ndimu zimeharamishwa. Foleni ya kivukoni ni ile ile. Paka wako amehamia kwa jirani, na akiniona ananipita kama hanijui. Hana haya yule.

Mimi mzima wa mwili, ila nimeacha kazi. Tangu wiki tuliyokuzika sijashika nyundo. Banda nimelifunga kwa mnyororo, na bati nilizokuwa nimezikata kwa ajili ya majiko zimelala humo humo, sijui kama zimeota kutu au vipi, maana sijakwenda kuangalia. Sudi, mtoto wa marehemu Mzee Kassimu, alikuja juzi na adabu zake zote. Akanywa chai, akasifu chai, akaweka kikombe chini, ndipo akaniambia kwamba kama banda silihitaji yuko mtu wa mitumba anayelitaka. Simlaumu, banda ni la babake. Nikamwambia nitamjibu Ijumaa. Leo ni Alhamisi, wifi, na katika mambo ya kuchagua kazi sina mwengine wa kumuuliza ila wewe.

Wataka kucheka? Cheka. Ndiyo, nakuuliza mambo ya Kisiwa cha Sijui, nami mtu mzima mwenye mvi.

Nakumbuka alasiri uliyokileta. Bakari alikuwa amefariki kwa homa, nami niko ndani ya eda, katika kile chumba cha nyumba ya Shangazi yenu Mwanatumu pale Mtongwe. Miezi minne na siku kumi, sitoki, sijipambi, mkononi sina hata bangili. Wanawake walikuja, wakalia nami, wakaniambia subira, wakaenda zao kupika. Kila mtu alikuwa na mahali pa kwenda. Mimi nilikuwa nikihesabu vijiti vya dari. Wewe ulikuja ukanitazama, ukatandika mkeka wenye miraba ya rangi, ukamwaga juu yake kauri zako na vifungo vya shati, ukasema, “Hiki ni kisiwa. Chagua kazi.”

Nilidhani umepagawa. Kisiwa gani, nikakuuliza. Ukasema hujui. Kiko wapi? Hujui. Nani mwenyewe? “Sijui, lakini kina Sultani asiye na meno.” Basi jina likawa ndilo hilo. Miraba ya kijani ikawa mashamba, ile myekundu ikawa mji, na ule ukingo uliotatuka ukawa msitu wa majini. Ulisema kila mtu wa Sijui sharti awe na kazi, na kila kazi hujifunzwa kwa kuifanya: ukipanda mnazi mara nyingi mkono wako unakuwa hodari, unaweza kupanda mnazi mrefu zaidi. Ukitaka kubadili kazi badili, ujuzi wa kwanza haupotei.

Nilichagua kuwa mkwezi. Sikukwambia sababu, lakini nadhani uliijua. Mtu aliyefungiwa chumbani ataka nini zaidi ya kupanda juu kabisa akaona mbali? Ukanipandisha minazi yote ya kisiwa. Ukanieleza ninayoyaona kutoka kileleni, nyumba za chokaa, mbuzi wa Sultani, wanawake wanaochota maji na kusengenyana, mpaka nikasahau kwamba mbele yangu pana mkeka na nyuma yangu pana ukuta.

Kisha kulikuwa na mambo ya moto. Hili hakuna mtu mwengine duniani ambaye angelifikiria. Ulisema kabla ya kuanza lazima mtu aseme anataka siku yake iive kwa moto gani. Moto wa makaa ulikuwa wa upole: nikirusha kauri tatu, hata moja tu ikiangalia juu, nimefaulu. Wa kuni ulitaka mbili. Moto wa makuti, ule unaoruka ukala nyusi za mpishi, ulitaka zote tatu ziangalie juu, na huko ndiko walikokuwa majini, vimbunga na yule nyoka wako mwenye ndevu. Mwanzoni hukuniuliza. Ulisema tu, “Wewe makaa,” na siku zikapita kisiwani pasipo hata mwiba wa kunichoma. Nazi zilianguka zenyewe. Jirani wa huko walikuwa watu wa peponi watupu.

Nikachoka. Unakumbuka nilivyokukaripia? Nilisema hiki kisiwa gani, mbona hakuna nyoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kufa Bakari mimi kupandisha sauti. Ukainama ukazikusanya kauri, nikaona mabega yanatikisika, nikadhani nimekuudhi. Kumbe wacheka. Ukasema, “Alhamdulillahi, mgonjwa ameomba pilipili.” Kuanzia siku hiyo tukacheza moto wa kuni, na nyoka akaja.

Kazi ya upishi wa Sultani ilinishinda vibaya. Kila nilichopika kilikuwa kigumu kwa fizi zake, na wewe ulikuwa ukiigiza Sultani huyo kwa ufundi wa kutisha, umekunja midomo ndani, watemea mkekani. Nikataka kuiacha. Ukakataa. Ulisema sheria ya Sijui ni kwamba kazi haiachwi siku iliyokushinda, unaiacha siku uliyoiweza. Nikarudi jikoni mwa Sultani siku baada ya siku, nikipondaponda mihogo, mpaka kauri zikanikubali na mzee akashiba akalala. Ndipo nikaaga kwa heshima, nikaenda kuwa mhunzi.

Uhunzi ndio ulionikaa. Nilipenda kwamba kila mtu wa kisiwa alilazimika kuja kwangu. Mkwezi ataka kisu, mpishi ataka sufuria, na hata tabibu wa majini ataka kengele. Katika chumba kile watu walikuja kunipa pole tu. Kisiwani walikuja kwa sababu wananihitaji.

Shangazi alitusikia, akaja kusimama mlangoni na uso wake wa kutafuna ndimu. “Eda si ngoma, wanangu.” Wewe ukamjibu kwa unyenyekevu mkubwa, “Abee, Shangazi, twamsahaulisha kidogo tu.” Akaguna akaenda. Kesho yake akaja na ukili wake wa kusuka, akaketi pembeni. Siku ya tatu au ya nne, nyoka alipokuwa amenizingira kiwandani, Shangazi akasema bila kuinua macho kwenye ukili: “Huyo nyoka nanyi hamumuulizi ataka nini? Pengine ana njaa.” Wallahi nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli, na wewe ukanishika.

Sasa nikufikishe kwenye lile ambalo hatukulimaliza kulizungumza maishani.

Siku ya kutoka eda. Nimeogeshwa, nimevikwa leso mpya, nyumba imejaa wanawake na harufu ya mahamri. Kaka yangu amekuja kutoka Utange na ameketi barazani, amekwisha kupanga. Alikuwako mwenye duka kule, mtu mzima mwenye wake wawili, aliyesema anaweza kunistiri. Nilijua. Kila mtu alijua. Na kwa Shangazi palikuwa na mila ambayo aliishikilia kuliko mila zote: mjane akitoka ndani huulizwa mbele ya wanawake anataka nini, na neno atakalosema hapo halirudishwi na mwanamume yeyote. Shangazi akaniuliza. “Mwanangu, sasa wataka nini? Kwenu ama kwetu?”

Kwetu ni Utange na duka la yule mzee. Kwenu ni chumba kile cha eda. Sikuwa na neno la tatu. Watu wakaanza kukohoakohoa. Ndipo wewe, kutoka nyuma kule kwenye masinia, ukasema kwa sauti ile ile ya kila alasiri, “Chagua kazi.”

Nami, bila kufikiri, nikajibu, “Mhunzi.”

Bibi mmoja akasoma Audhubillahi. Waliona huzuni imenipanda kichwani. Nilitaka kusema nisameheni, ni mchezo tu, lakini Shangazi alikuwa ameshainua mkono. Akasema, “Mmesikia. Neno limetoka. Mzee Kassimu wangu hapa nyumbani ni fundi wa bati, na mkono wake mmoja wamuuma. Ataanza Jumatatu.” Kaka yangu alipoletewa habari barazani alisimama, akaketi, akaomba maji. Mzee Kassimu naye, masikini, alijua habari za Jumatatu yake pamoja na watu wengine wote.

Mpaka leo sijui kama Shangazi alidhani nasema kweli, au alijua fika ni mchezo akautumia kama mtu anayekuta ngazi imesimamishwa ukutani. Nilikuuliza ukasema, “Sijui,” ukacheka, tukaachia hapo.

Basi nikawa fundi wa bati kando ya barabara ya Likoni. Koroboi, makarai, mabirika, majiko. Wanaume walisimama kunitazama kama sarakasi, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuleta sufuria zao zilizotoboka. Wewe ulikuja kila alasiri na chai, hukukosa, ukaketi juu ya debe na kuniuliza siku yangu imeiva kwa moto gani. Bati likinikata, makuti. Mteja akisifu, makaa. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufanya kazi siku nzima bila mtu wa kuniuliza. Ndio maana siwezi kufungua lile banda, wifi. Si nyundo iliyonishinda. Alasiri ndiyo iliyonishinda, saa ile chai isipokuja.

Kuna jambo lilinijia nikiwa nafua nguo zako za mwisho. Bakari alikuwa mume wangu kwa miaka mitatu. Kwako alikuwa ndugu wa tumbo moja. Nilipokuwa nalia, nawe ulikuwa umefiwa, na hakuna aliyekuwekea siku za kukaa ndani, hakuna aliyekutandikia mkeka. Eda ya mume ina siku zake, mtu huuona mwisho wake. Ya ndugu haina. Ya shoga haina. Wewe ulilia ukitembea, ukiteka maji, ukiigiza Sultani. Nami nimekaa ndani miezi hii nikingoja mtu aje aniambie zimekwisha, na hatakuja mtu, kwa sababu siku hizo hazikuandikwa popote.

Wodini, ile mara ya mwisho ulipoweza kusema, ulikuwa umekonda hata pete inazunguka kidoleni. Nilitaka kukuchangamsha. Nikakwambia, “Haya, mwenye kisiwa, leo zamu yako. Chagua kazi.” Maana katika miaka yote hiyo hukuwahi kuwa na kazi Sijui. Ulikuwa upepo, ulikuwa nyoka, ulikuwa Sultani na mbuzi wake. Ulifumba macho nikadhani umelala. Kisha ukasema, “Niweke nikae tu kwa mhunzi, juu ya debe. Na moto uwe wa makaa, wifi. Nimechoka.”

Nikakuweka. Nikakueleza kiwanda, na kivuli chake, na watu wanaopita wakikusalimu, na hakuna nyoka, na nazi zaanguka zenyewe. Nilikueleza mpaka nesi akaja kunitoa. Ulikuwa unatabasamu, au mimi niliona hivyo. Inanitosha.

Nimekukosa, Mejumaa. Nimekukosa kwa namna isiyo na adabu, nasimama katikati ya sokoni nalia mbele ya wauza vitunguu. Nilidhani kuliacha banda ni kukuheshimu. Lakini nimeiandika barua hii tangu adhuhuri, na kila nikijaribu kuandika sentensi ya kumkubalia Sudi, naona wewe umekunja uso kwa sababu naiacha kazi siku iliyonishinda. Siku nitakayoiweza, nikitaka, nitaiacha. Haijafika.

Kwa hiyo jibu la Sudi nimelipata, na nitampelekea mwenyewe kesho baada ya sala, pamoja na ndimu za Rukia maana zimezidi. Nakuahidi jambo moja tu, kwa kuwa ahadi nyingi huvunjika. Chai nitaipika mwenyewe, vikombe viwili, na yeyote atakayepita alasiri akiwa na uso wa mtu aliyefiwa nitamwita aketi. Sitamwambia subira. Nitamuuliza habari zake.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akupe pumziko, wifi yangu, shoga yangu, dada ambaye mama yangu hakunizalia. Nakuaga sasa, jua limepungua. Jumamosi alfajiri nitakusomea Yasini, kisha nakwenda kazini.

Wako,
Mwanaidi